Kadi Iliyopanda Yenyewe

Asubuhi ile kadi ilipanda, na kadi yenyewe haikuwapo.

Nasiri alikuwa peke yake studioni, anafuta vumbi mezani, mara akasikia kompyuta ikitoa kile kisauti chake kama cha mtu anayesafisha koo, kile inachotoa mteja anapochomeka kadi ya kamera. Alipoinua macho aliona alama ya kadi imejitokeza kwenye kona ya kioo, na dirisha limejifungua lenyewe, jeupe, halina picha hata moja. Akainama kukitazama kijisanduku cha kusomea kadi. Matundu yake yote yalikuwa wazi. Akayapuliza, akasema ni vumbi, akalifunga lile dirisha na kuendelea na kitambaa chake. Bwana huyu alikuwa hodari wa kulitafutia jambo kubwa sababu ndogo, na katika hilo Rumonge nzima haikuwa na wa kumshinda.

Ili mambo yaeleweke, turudi nyuma kidogo.

Studio ya Nasiri ilikuwa katika mtaa wa Waswahili, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia la buluu la kupigia picha za kitambulisho. Vita ilikuwa inazeeka lakini haikuwa na dalili ya kufa. Watu waliokimbilia kambi za Tanzania walikuwa wanarudi kwa mafungu, wengine wakikimbia upya kabla hata ya kufungua mizigo, na wote hao, wa kurudi na wa kukimbia, walihitaji picha. Kazi ilikuwapo. Kilichopungua ni watoto wa kuirithi. Wavulana wawili wa Nasiri, Juma na mdogo wake, vita ilikwisha kuwala, na majirani waliendelea kumwita Baba Juma kwa heshima, wasijue kwamba kila wakimwita hivyo wanamchoma. Alibaki Kaoutar, msichana wa miaka kumi na saba, mwepesi wa mikono na wa ulimi, na yeye ndiye aliyeielewa kompyuta. Nasiri na mkewe Mariyamu walimtazama binti yule kama mtu anavyotazama kiberiti kilichobaki na njiti moja.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwenye ofisi moja ya misaada iliyofungasha na kuondoka mapigano yalipokaribia. Haikuwa kama zile za Bujumbura. Mteja akileta kadi ya kamera, mashine haikuifungua tu. Ilitaka kwanza iandikiwe maneno, halafu nywila, halafu ithibitishiwe tena, na wakati huo foleni inafika barabarani na wateja wanaanza kumtania Nasiri kwamba mashine yake ni karani wa ofisi ya komini. Nasiri hakupenda kutaniwa. Akamwita Bahizire, fundi wa mashine kutoka Bukavu, kijana wa kanisani, mpole, aliyekuwa amehamia Rumonge na kinanda chake.

Bahizire alijifunza kazi hiyo kwa Kifaransa. Alipotaka kumweleza Nasiri kwa Kiswahili alitafuta neno, akalipata: kupanda. Kadi, alisema, ikiingizwa haifunguki hivihivi, inabidi ipandishwe. Na kabla ya kuchomolewa inabidi ishushwe. Kaoutar aliangua kicheko, maana katika mtaa wao kupandisha ni kazi ya watu wenye ubani na ngoma, na kinachopandishwa si kadi. Mariyamu, aliyekuwa amewaletea chai, hakucheka. Alimwomba kijana atafute neno lingine. Bahizire hakulijua lingine, na Nasiri akasema neno ni neno tu, yeye shida yake ni foleni.

"Nataka zipande zenyewe," alisema. "Mutu akileta, ipande. Isiulize-ulize."

"Zote, Papa Juma? Hata zenye hatujui zimetoka wapi?"

"Zote."

Bahizire akakaa alasiri nzima anaandika, na alipomaliza akachomeka kadi ya majaribio, ikapanda papo hapo bila neno. Nasiri alifurahi kama mtoto. Fundi alitoa onyo moja tu alipokuwa anakusanya vyombo vyake. "Kupanda itapanda yenyewe," alisema. "Lakini kushuka, hapana. Kushuka iko lazima mutu aishushe kwa mukono wake. Musichomoe hivi-hivi."

Usiku ule Mariyamu alimwambia mumewe jambo ambalo kila mtu wa mtaa ule alilijua tangu utoto: hakuna fundi wa majini anayepandisha bila kuuliza. Wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Maswali yale ndiyo mlango. Sasa Nasiri ameyaondoa kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Nasiri akajibu kwamba kompyuta haijui Kiswahili, akageukia ukuta, akalala.

Haukupita muda mrefu akaja Modeste, mchuuzi wa mawese kutoka Kizuka, mtu mnene mwenye kucheka sana, na siku ile hakucheka. Alikuwa na kamera ndogo ya rangi ya fedha aliyoinunua kwa kijana mmoja kule Minago. Dada yake alikuwa anaolewa, alitaka kupiga picha za harusi, lakini kadi ilikuwa na picha za watu asiowajua. Aliomba zitupwe zote.

Kaoutar alichomeka ile kadi. Ikapanda yenyewe.

Picha zilikuwa za abiria ndani ya basi dogo la barabara ya ziwani, zimepigwa na mtu aliyeketi mbele akigeukia nyuma. Kina mama wenye watoto mapajani, mwanafunzi mwenye madaftari, mzee anayemenya karanga. Walikuwa wanacheka na mpiga picha. Kwenye benchi la mwisho kabisa hapakuwa na mtu, palikuwa na mifuko na jogoo aliyefungwa miguu. Kaoutar alizipitisha moja baada ya moja hadi ya mwisho, na hapo mkono wake ukasimama.

Walikuwa walewale, kwenye viti vilevile. Vioo vya basi havikuwapo tena na basi lenyewe lilikuwa limelalia upande. Wote walikuwa wamefumba macho kama waliokubaliana kulala pamoja. Isipokuwa kule nyuma, palipokuwa na mifuko, sasa ameketi mwanamke mwenye kitenge cha manjano, amenyooka, nywele zimelowa, na yeye alikuwa anaitazama kamera.

"Nani alipiga hii?" Kaoutar aliuliza.

Nasiri alikwisha kuelewa ni basi gani. Pwani nzima ililijua basi lile lililotoka Bujumbura likapita Kabezi na lisifike Minago. Modeste alikuwa anatazama mlango. Na kabla mtu hajasema neno jingine risasi zikalia milimani, mfululizo, karibu kuliko siku zote, na soko likaanza kufunga kwa mbio, mabati yakigongana, akina mama wakiita watoto.

Modeste alisema kwa sauti ndogo apewe kitu chake aende. Kaoutar akanyoosha mkono, akaichomoa kadi kwa vidole, akampa. Hakuishusha. Hata Nasiri hakukumbuka kumwambia. Kompyuta ilitoa mlio ambao hawakuwahi kuusikia, mrefu, wa chini, halafu umeme ukakatika na wakakimbilia nyumbani.

Asubuhi tuliyoanza nayo ni ya kesho yake.

Nyumbani mambo yalianza kwa kidogo. Kaoutar alipoketi mkekani kula alijibana pembeni kabisa, magoti pamoja, viwiko mbavuni, ingawa mkeka ulikuwa mpana na walikuwa watatu tu. Mariyamu alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Baadaye, akimenya mihogo na mama yake uani, aliinua uso na kusema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwomba mwenzake safarini, "Mama, jisogeze kidogo. Iko watu wengi."

Mariyamu alijisogeza. Hakujua kwa nini, lakini alijisogeza.

Kisha ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya dizeli, na Nasiri akasema ni jenereta la jirani. Halafu ikachanganyika na harufu ya nywele zilizolowa maji ya ziwa na kukaukia kichwani, na manyoya ya kuku, na kitu kingine kilichoungua ambacho hakikuwa mawese wala nyama ya kuliwa, na Mariyamu alipofungua madirisha yote harufu haikutoka, bali ilikwenda pale alipokwenda Kaoutar, chumbani, uani, kisimani. Binti alianza kuyumba. Ameketi kimya, mara anainamia kulia, anakaa hivyo kidogo, anarudi, anainamia kushoto, na Nasiri, aliyeipita barabara ya Bujumbura tangu ujana wake, aliyatazama maungo ya mwanawe yakiinama na kunyooka na akazijua kona, moja baada ya moja, zile za baada ya Kabezi ambapo barabara inabanwa kati ya mlima na maji, akajua pia kwamba zikimalizika kona hizo itakuja ile ambayo basi halikuivuka, na alitaka kuondoka pale asiione, lakini akabaki anazihesabu, mpaka Kaoutar alipofika hapo akajikunja kwa ghafula, akafumba macho, akanyamaza, na baada ya kitambo, bila kufumbua macho, akaanza tena safari kutoka mwanzo.

Studioni kadi iliendelea kupanda bila kadi. Nasiri aliizima kompyuta, akaiwasha, akaing'oa nyaya. Alama ilikuwa palepale. Bahizire alipoitwa aliandika maneno yake yote na mashine ikamjibu kwamba kitu hicho hakiwezi kushushwa kwa sababu kinatumika.

"Kinatumika na nani?" Nasiri aliuliza.

Bahizire alivua miwani, akaifuta, akasema atamwombea binti kanisani, na ni kweli alimwombea.

Basi Nasiri alimeza maneno yake yote ya siku zile za foleni, akaenda kwa Amisi. Amisi alikuwa mshonaji. Mchana alikaa kwenye cherehani barazani mwa soko anapunguza suruali za watu waliokondeana na vita, na anayemhitaji kwa ile kazi nyingine alimnong'oneza akijifanya analeta nguo. Alikuja na chetezo chake ndani ya mfuko wa vitambaa. Alimketisha Kaoutar kwenye kigoda, akamfunika shuka nyeupe, akafukiza ubani hadi mtu akawa haoni mlango, halafu akauliza yale yaliyotakiwa kuulizwa tangu mwanzo.

"Weye nani?"

"Sisi tulikuwa tunaenda Rumonge," ilijibu sauti ya mzee chini ya shuka. Mtoto akalia. Mwanafunzi akasema atachelewa mtihani. Mariyamu alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Usivae watu," Amisi alisema. "Wale wamekufa, waache. Sema weye."

Chini ya shuka akacheka mwanamke mmoja, taratibu, bila uovu wowote wa kusikika, kama anayechekeshwa na mtoto. Akasema alikuwa ameketi pale kwenye kona ya barabara kabla barabara haijachimbwa. Akasema siku ile ya basi aliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na ndani palikuwa na joto, akaketi, picha ikapigwa, akabaki mle. Hakuwa na ugomvi na mtu.

"Mulinipandisha, hamukuniuliza," alisema. "Halafu mukachomoa fasi yangu. Sasa nikae wapi?"

"Tukikurudishia fasi yako utashuka?"

"Aliye juu atashuka," sauti ilisema.

Amisi aliridhika na jibu hilo. Alimweleza Nasiri nje, akikunja shuka, kwamba jini hukaa juu ya mtu kama mpandaji, na mtu huwa kiti chini yake; hiyo ndiyo desturi yao tangu enzi. Iletwe ile kadi, ichomekwe, yeye atamwita aliye juu, atashuka, atarudi alikotoka. Ila alionya kwamba jambo hilo hufanywa mara moja tu. Kichwa kilichopandwa na kushushwa kikipandwa tena na kushushwa tena hakibakizi mtu.

Nasiri alikwenda Kizuka kwa baiskeli, kupitia michikichi, siku ambayo watu wenye akili walikaa ndani. Hakuogopa risasi. Aliogopa kwamba Modeste ameifuta ile kadi. Hakuwa ameifuta. Alimkuta amekaa mbele ya mapipa yake ya mawese, amekonda, na alipoona anayekuja ni nani alisimama kumpokea kama mtu anayepokea habari njema. Alimsimulia kwamba harusi ya dada yake aliipiga picha tangu asubuhi mpaka jioni, bibi harusi, wazee, ngoma, vyungu vya pombe, na kila alipotazama ndani ya kamera aliona basi. Alimpa Nasiri kadi na kamera pamoja.

"Chukua yote, Papa Juma," alisema. "Na mufunge mulango mukimaliza."

Aliporudi jioni alimkuta Kaoutar amelala, kichwa mapajani mwa mama yake. Hakuwa anayumba. Nasiri alichutama, na binti akafumbua macho, na yalikuwa macho yake mwenyewe, yale yenye dharau kidogo, ambayo baba alikuwa hajayaona kwa siku nyingi kiasi kwamba machozi yalimtoka hapohapo. Alimshika mkono baba yake kwa nguvu. Alizungumza haraka, kwa kunong'ona, kama mtu anayejua amepewa nafasi fupi.

"Baba, mimi siko ndani. Ameketi yeye. Mimi wameniweka huku juu, kama mizigo ya kwenye paa. Iko upepo mwingi. Nikiangalia chini naona mikono yangu iko inafanya kazi, na si mimi."

Nasiri alimbembeleza. Alimwambia kesho itakwisha, kadi imepatikana. Kaoutar akatikisa kichwa kwa hasira, kama zamani baba yake alipokosea kitu kwenye kompyuta, akafungua kinywa kusema tena, na macho yakafifia yakawa si yake. Nasiri aliyasikia maneno yale. Aliyachukulia kuwa ni homa.

Kesho yake umeme ulirudi mchana. Walimpeleka studioni kupitia uchochoro, amefunikwa mtandio, wakateremsha bati la mlango. Amisi alifukiza. Kaoutar aliketi kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia la buluu, wima, kama anayengoja picha ya kitambulisho. Nasiri alichomeka kadi. Ikapanda. Basi likajaa kwenye kioo, na abiria wake waliofumba macho, na kule nyuma, alipokuwa ameketi mwanamke yule, kitenge chake cha manjano peke yake kimebaki kwenye benchi, kimekunjwa vizuri, bila mtu.

"Fasi yako ile pale," Amisi alisema. Alikuwa amechoka, kijasho kinamtoka, na nje saa za amri ya kutotembea zilikuwa zinakaribia. "Aliye juu, shuka. Nakuita kwa jina la aliyekuumba, aliye juu ashuke, arudi hapo, asipande tena."

Kaoutar alipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa jini, na hilo Nasiri alilijua kabla haujaisha, kwa sababu ndio ule aliopiga msichana alipokuwa mdogo akianguka kwenye ukuta wa uani, wenye neno baba ndani yake. Lakini ulikatika, na ubani ulikuwa mwingi, na binti alikuwa amelala sakafuni, na Amisi alikuwa anapiga kelele ishushwe, ishushwe upesi, na Nasiri aliandika amri ile aliyofundishwa na Bahizire, herufi kwa herufi, na kompyuta ikatii. Kadi ikashuka. Alama ikatoweka kwenye kona ya kioo. Harufu nayo ikakatika, mara moja, ikabaki ubani tu.

Kaoutar alifumbua macho, akaketi, akatazama huku na huku kwa haya.

"Baba," alisema, "niko na njaa."

Furaha iliyokuwa ndani ya nyumba ile siwezi kuieleza bila kuipunguza. Mariyamu alipika wali na samaki wa mikeke, akamlisha binti yake kwa mkono kama mtoto mchanga. Amisi alikataa kila alichopewa, na wiki ile, mapigano yalipofika mtoni, alivuka ziwa na familia yake kwenda Kigoma na hakusikika tena. Kaoutar alikula, akalala, akaamka. Alianza kusali kwa wakati bila kukumbushwa. Alifagia ua, alichota maji, aliwaamkia majirani mpaka wakamsifu. Hakumjibu mama yake kwa ukali hata mara moja. Kitu alichokikataa ni kimoja tu, studio. Alisema kule kunamtia kizunguzungu, na wazazi wake wakaona ni haki yake.

Nasiri alirudi kazini peke yake. Alikuwa amemwomba Bahizire aifanye kompyuta iulize tena kama zamani, na foleni ikarudi, na yeye hakujali kutaniwa. Lakini ile kadi aliiweka kwenye mkebe wa chai nyumbani na kila siku aliifikiria. Alijiambia lazima aiharibu. Alijiambia pia kwamba haifai kuharibu picha za mwisho za watu wale bila kuzitazama, pengine ndugu zao watakuja. Mtu akitaka kufanya jambo hakosi sababu. Mchana mmoja akaichukua, akafunga bati, akaichomeka. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Ile ya mwisho ilifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Paa la basi. Madirisha yasiyo na vioo. Mzee na karanga zake, mwanafunzi, kina mama, wote wamefumba macho. Kwenye benchi la nyuma hapakuwa na kitenge cha manjano. Alikuwapo msichana mwenye gauni la kijani ambalo Mariyamu alilishona, amebanwa kati ya mifuko, mdomo wazi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mbele, kuelekea kwa anayetazama, na macho yake, yale yenye dharau kidogo, yalikuwa yamefumbuliwa kabisa.

Nasiri alikaa kwenye stuli ya wateja. Maneno ya mwanawe yalimrudia yote, paa na mizigo na upepo, na nani alikuwa ameketi ndani na nani aliwekwa juu, na Amisi akiita aliye juu, na yeye mwenyewe akiandika amri herufi kwa herufi. Baadaye, hakujua baada ya muda gani, alikwenda kumwita Mariyamu kutoka nyumbani, akamwambia aje peke yake.

Mariyamu alisimama mbele ya kompyuta bila kuketi. Alitazama kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole akagusa kioo, pale penye uso, akakisugua kidogo kama anayefuta tongotongo, na kidole kilipoondoka uso ulikuwa palepale. Nasiri alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alishangaa kuona mkewe hashangai.

"Nilijua siku ile ya kwanza," Mariyamu alisema. "Nilimulisha kwa mukono, akanishukuru kama mugeni, akasema murakoze. Kaoutar angesema, mama, mimi si mutoto."

Nasiri alimwambia wamtafute Amisi, wavuke ziwa, au wamtafute mwingine. Wajaribu tena. Mariyamu alimkumbusha alichosema Amisi, kwamba mara ya pili haibakizi mtu. Nasiri akasema yule si mtu. Mkewe akamgeukia, na sauti yake haikupanda.

"Baba Juma, nimezika wawili. Mumoja sikupata hata nguo yake. Huyu anakula. Huyu anaitika nikimuita. Iko na mikono ya mwanangu, asubuhi ananisuka nywele na mikono ya mwanangu. Ukimutoa huyo, nitabaki na nini? Zima."

Nasiri hakuzima. Alikuwa anamtazama binti wa kwenye basi, na ilionekana kwake kwamba ule mkono ulionyooshwa ulikuwa umesogea mbele kidogo, au pengine ni mwanga. Mariyamu akapita mbele yake, akainama, akabonyeza kitufe mwenyewe, na kioo kikawa cheusi.

Mlangoni, nje ya bati, pakasikika hatua za malapa zikisimama. Yule aliyebaki nyumbani hakuingia. Aliita tu kutoka barabarani, kwa sauti tamu, akiwaambia chakula tayari na kinapoa.

"Tunakuja, mwanangu," Mariyamu alijibu.

Aliufuta uso wake kwa ncha ya mtandio, akainua bati, akatoka. Nasiri alibaki gizani kitambo, mkono wake juu ya mashine iliyokuwa bado na joto. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Baadaye aliinuka, akafunga studio, akawafuata.